Bruchi (pambo la nguo lenye pini) ya samaki kwa waya wa brasi, kwa njia ya Calder

Alexander Calder wa Marekani (1898–1976) anajulikana kwa sanamu zinazoning'inia, ila mikono yake ilitoa pia vito kama 1,800, vingi vya waya uliopigwa nyundo. Kwa kawaida hakulehemu: waya ulikunjwa, ukafungwa, basi.

Vifaa: waya wa brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) wa mm 2, wa mm 0.6 wa kufungia, waya wa springi wa mm 0.8, koleo ya mdomo mviringo, nyundo isiyo na makovu usoni, kipande cha reli cha kupigia juu yake.

1. Chora samaki wa sm 7 kwa mstari mmoja: jicho, mdomo, mgongo, mkia, tumbo, mdomo tena. Laza uzi juu ya mchoro, upime, ongeza sm 3.

2. Lainisha waya kwa moto, kivulini, ili uone wekundu hafifu. Ukipitiliza, zinki hutoka kama moshi mweupe, usiuvute. Wekundu ukiisha, tumbukiza majini, kisha toa weusi kwa maji moto ya ndimu.

3. Kunja umbo lote kabla ya kupiga. Waya ukishakuwa bapa haukubali tena kupinda kwa ubavu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jicho ni mizunguko 3.

4. Piga hadi unene wa mm 1.2 hivi. Ukipiga ukingo wa nje wa tao, linazidi kujikunja. Wa ndani, linafunguka. Mkia unapokatiza mwili usipaguse, waya mmoja utaukata mwingine. Nyundo ikianza kudunda, brasi imekakamaa: rudi hatua ya 2.

5. Funga mkia na mdomo kwa mizunguko 4 ya waya mwembamba.

6. Pini, ya waya wa springi, ikae theluthi ya juu ya mwili, la sivyo samaki atainamia mbele. Waya wa springi usiutie moto.

Swali: Mwalimu, yangu imetoka nyekundu kwenye ndimu.
Jibu: Umechovya koleo ya chuma. Chuma huifanya shaba iliyoyeyuka kwenye ndimu igande juu ya kazi. Tumia kijiti, wekundu usugue kwa msasa namba 600.

Swali: Waya wa umeme wa 2.5 unafaa?
Jibu: Ule wa uzi mmoja, ndiyo, lakini 2.5 ni eneo la mkato wa waya (mm² 2.5). Kipenyo ni mm 1.8 tu. Menya plastiki kwa kisu, usiichome. Shaba tupu ni laini, kwa hiyo mkia utapinda ukinaswa na nguo.