Chumvi Imekwenda Wapi? Kuwafundisha Watoto Vitu Vinavyoyeyuka Majini

Kabla ya kugusa maji, weka sawa neno lenyewe, kwa sababu kwa Kiswahili samli iliyoachwa juani huyeyuka kwa joto, na chumvi nayo huyeyuka hata katika maji ya mtungi. Mtoto asiyetenganishiwa mambo haya mawili mapema atatarajia samli ipotee majini kama chumvi.

Andaa bilauri nne za kioo zenye maji ya kiasi kimoja, pamoja na sukari, chumvi, unga wa sembe na mchanga uliooshwa vizuri. Kila mtoto aseme kwanza anachotarajia, uandike jibu lake, kisha atie kijiko kimoja cha chai na kukoroga mara 20. Wakataze kuonja tangu siku ya kwanza, maana si kila unga mweupe watakaoukuta nyumbani ni chumvi.

Mchanga hauna maneno mengi: unazama. Unga ndio utakaowababaisha, kwa kuwa maji hugeuka meupe, chembe hazionekani mojamoja, na wengi watashangilia kwamba umeyeyuka. Ninakusihi usiwasahihishe. Acha bilauri itulie nusu saa bila kuguswa, nao wenyewe wataona tabaka jeupe limejikusanya chini, wakati maji ya sukari yangali maangavu na yatabaki hivyo hata kesho. Hapo ndipo uwape kipimo cha kweli: mmumunyo, yaani maji yenye kitu kilichoyeyuka ndani yake, unaweza kuwa na rangi, kama chai iliyochujwa, lakini hauna chembe zinazotua.

Endelea kuongeza chumvi kijiko baada ya kijiko mpaka itakapoanza kubaki chini hata ikikorogwa, ili waone kwamba kuyeyuka kuna kikomo. Mililita 100 za maji yasiyopashwa moto hupokea takriban gramu 36 za chumvi, ilhali sukari hufikia karibu gramu 200, tofauti ambayo watoto hawaitarajii kabisa.

Atakayeuliza chumvi ilikokwenda ameuliza swali bora la siku, basi asijibiwe kwa maneno. Mimina maji yale ya chumvi kwenye sahani yenye rangi nyeusi, uyaanike juani kama wafanyavyo wavunaji wa chumvi wa pwani katika mabwawa yao, na jioni au kesho yake umwite aguse kwa kidole punje nyeupe zenye pembe zilizoganda pale.