Pasheni ya kubebesha: usifukie kiungio

Mche wa pasheni uliobebeshwa una bei kubwa kuliko wa mbegu kwa sababu moja tu. Shina la chini ni la pasheni ya njano, inayostahimili mnyauko wa fuzari (ugonjwa wa kuvu wa udongoni), na juu yake kimebebeshwa kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha zambarau, ambayo haiuwezi ugonjwa huo. Mkulima ananunua, anafika nyumbani, anaufukia mche mpaka juu ya kiungio, pale shina na kikonyo vilipoungana, ili "usimame imara". Pesa imepotea siku hiyo hiyo. Zambarau ikigusana na udongo hutoa mizizi yake yenyewe, na fuzari hupitia hapo. Mizizi ya njano iliyo chini haina la kufanya tena.

Kiungio kikae sentimita 20 au zaidi juu ya ardhi. Pima kwa rula. Shimo la sentimita 60 likijazwa udongo na samadi huzama, hivyo lijaze wiki 2 kabla ya kupanda, kisha panda mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba (mfuko wa kitaluni).

Ukibebesha mwenyewe, kosa hili huanzia kitaluni. Subiri shina la njano linenepe kama penseli, kwa kawaida miezi 3 hadi 4, ulikate sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye udongo wa kiriba. Anayekata sentimita 8 kwa kuwa "hapo chini pamenenepa" anatengeneza mche ambao hata mpandaji makini atashindwa kuuokoa. Kikonyo kiwe na unene ule ule, urefu wa sentimita 10 hadi 15 na macho 2 au 3, kutoka kwa mmea usio na majani yaliyojikunja wala matunda magumu yenye maumbo ya ajabu. Hivyo ni virusi, na utavibeba pamoja na kikonyo. Kichonge kama kabari ya sentimita 3, kiingize kwenye mpasuko uliopasua katikati ya shina la njano, maganda yakutane angalau upande mmoja, funga kwa utepe wa nailoni, funika kwa mfuko unaoonyesha, weka kivulini. Kikichipua katika wiki 3 hivi, kimeshika.

Shambani ndipo wengi wanapoharibu tena, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu kosa hili tumelirudia mno. Pasheni si mahindi! Usiipandishie udongo wakati wa palizi. Matandazo yakae sentimita 15 mbali na shina. Kila baada ya mvua kubwa kagua kama maji yameleta udongo, uuondoe kwa mkono. Machipukizi yaliyo chini ya kiungio ni ya njano, yang'oe yakiwa machanga. Tawi la juu linaloning'inia likagusa ardhi nalo litatoa mizizi, kwa hiyo lifunge kwenye waya au likate.

Kama ulishafukia, fukua taratibu leo. Ukikuta mizizi juu ya kiungio, ikate kwa kisu kilichopanguswa spiriti, siku isiyo na mvua, uache shina wazi likauke. Ikiwa majani yamekuwa ya njano na mmea unanyauka ilhali udongo una maji, pasua shina karibu na ardhi. Ndani kukiwa na rangi ya kahawia, ng'oa mmea wote na mizizi yake, uuchome moto, na shimo hilo usilirudishie pasheni, maana fuzari hukaa udongoni miaka mingi.