Somo: Kupanga sifa za watumiaji na makundi kwenye seva ya Linux kwa amri

Wakuu, hili ni kwa wale ambao seva yao wanaifikia kwa SSH tu (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuandika amri), hakuna dirisha la kubofya. Mtumiaji wa mfano ni neema, kundi ni hesabu. Neno `sudo` mbele ya amri huiendesha kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, yaani root.

Hatua ya 1: kundi kwanza, mtu baadaye

`sudo groupadd hesabu`
`sudo useradd -m -s /bin/bash -G hesabu neema`
`sudo passwd neema`

Kwenye Debian na Ubuntu usisahau `-m`, la sivyo akaunti inazaliwa bila folda ya nyumbani.

Hatua ya 2: soma ulichoandika

`getent passwd neema`

Utapata kitu kama hiki:

`neema:x:1004:1005::/home/neema:/bin/bash`

Vipengele ni 7, vimetengwa kwa nukta pacha: jina, x (maana yake nywila imehifadhiwa kwenye /etc/shadow), namba ya mtumiaji, namba ya kundi lake la msingi, maelezo (hapa hayapo), folda ya nyumbani na sheli (programu inayopokea amri zake). Ukiuelewa mstari huu, `usermod` haikusumbui tena: `-c` hubadili maelezo, `-s` sheli, `-l` jina, na `-d` ikiandamana na `-m` huhamisha folda pamoja na vilivyomo.

Hatua ya 3: kuongeza kundi

Hapa ndipo watu wanapoumia.

`sudo usermod -aG hesabu neema`

Hiyo `a` ndogo ndiyo inayosema "ongeza". Ukiiacha, seva inachukua orodha uliyoandika kuwa ndiyo orodha nzima, na makundi mengine yote ya ziada yanafutwa kimyakimya, bila onyo. Kama mhusika alikuwa kwenye kundi la sudo (wanaoruhusiwa kutumia amri hiyo), ndio basi tena. Mimi napendelea hii, kwa sababu inagusa kundi moja tu:

`sudo gpasswd -a neema hesabu`

Kumtoa, weka `-d` badala ya `-a`.

Hatua ya 4: folda ya pamoja

`sudo mkdir -p /srv/hesabu`
`sudo chgrp hesabu /srv/hesabu`
`sudo chmod 2770 /srv/hesabu`

Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya humo lirithi kundi la hesabu badala ya kundi la aliyelitengeneza. Kurithi kundi si kurithi ruhusa ya kuandika, lakini. Umask (namba ya ruhusa zinazoondolewa faili linapotengenezwa) ikiwa 022, wenzake watasoma tu; iwe 002.

Hatua ya 5: muda

`sudo chage -M 90 -W 7 neema`

Nywila itaisha baada ya siku 90, na onyo litaanza siku 7 kabla. `sudo chage -d 0 neema` humlazimisha abadili nywila akiingia tu. Kukagua: `sudo chage -l neema`.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimemwongeza kwenye kundi, `id neema` inaonyesha yumo, ila bado anaambiwa hana ruhusa.*

Makundi husomwa mtu anapoingia. Mwambie aandike `id` bila jina: hiyo inaonyesha kikao chake cha sasa, na hesabu hutaiona. Atoke kabisa aingie upya. Kama anatumia tmux (programu inayoacha vikao vikiendelea hata mtu akitoka), aifunge nayo, maana sheli za ndani zimeshikilia makundi ya zamani.

*Mtu kaacha kazi, nimemfungia kwa `usermod -L`, na bado anaingia!*

`-L` huweka alama ya mshangao mbele ya nywila kwenye /etc/shadow, basi. Anayeingia kwa ufunguo wa SSH haulizwi nywila. Malizia na `sudo chage -E 0 neema`, akaunti yenyewe ihesabike imeisha muda. Kisha `sudo pkill -KILL -u neema`, kwa sababu kikao kilichokwisha kufunguliwa hakijifungi chenyewe.

*Nimejitoa mwenyewe kwenye sudo. Nifanyeje?*

Kama root ana nywila, `su -` halafu `usermod -aG sudo jinalako` (kwenye familia ya Red Hat kundi ni wheel). Kama hana, washa seva kwa hali ya uokoaji kupitia konsoli (skrini ya seva yenyewe, si SSH), uandike amri hiyohiyo.

*Nimebadili namba kwa `usermod -u`, sasa mafaili mengine yanaonyesha 1004 badala ya jina.*

Amri hiyo hurekebisha ya folda ya nyumbani na sanduku la barua la mtumiaji tu. Ya kwingine:

`sudo find / -xdev -uid 1004 -exec chown -h neema {} +`

`-xdev` haivuki kwenda diski nyingine, kwa hiyo kama /srv iko kwenye diski yake, irudie huko.