Spyderco ya Marekani au ya China? Namna ya kuzilinganisha

Spyderco ni kampuni ya Marekani inayouza visu vya kukunja, na si vyote hutengenezwa huko. Anza na maandishi madogo yaliyo kwenye shina la bapa, karibu na bawaba. Kisu kilichotengenezwa nyumbani kwa kampuni, Marekani, huwa kimeandikwa GOLDEN, COLORADO, U.S.A., na mara nyingi neno EARTH hufuata, kana kwamba kuna wanunuzi wa sayari nyingine. Vya nje huandikwa SEKI-CITY JAPAN, TAICHUNG TAIWAN au CHINA. Kwa hiyo "cha nje" si kundi moja, na anayeviweka vyote kapu moja atakosea mapema. Worker ya 1981, kisu cha kwanza cha kukunja cha Spyderco, kilitengenezwa Japani, na modeli za Delica na Endura za kawaida bado zinatoka Seki, Japani.

Chagua jozi inayolingana. Delica ndogo ukiishindanisha na kisu kikubwa cha Golden utakuwa umepima ukubwa tu. Jozi inayofaa ni Tenacious ya China na Para Military 2 (Para 2) ya Golden. Bapa la kila kimoja lina takriban milimita 87, vyote vimechongwa vikinyooka kutoka mgongoni hadi kwenye makali, na vyote vina mpini wa G-10, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini. Bei ya Tenacious huwa karibu theluthi ya mwenzake. Kinachobaki kulinganishwa ni chuma, kufuli (kinachozuia bapa lisijifunge) na umaliziaji.

Chuma ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya tofauti ya bei. Tenacious ya kawaida ina 8Cr13MoV, yenye kaboni karibu 0.8% na kromiamu 13%. Para 2 ya kawaida ya sasa ina CPM S45VN: kaboni karibu 1.5%, kromiamu 16% na vanadiamu 3%. Vanadiamu hushikana na kaboni kuwa chembe ngumu sana, ngumu hata kuliko kinoo cha kawaida cha alumina. Faida yake ni makali yanayodumu. Hasara yake utaiona siku ya kunoa. 8Cr13MoV hurudi kwenye makali kwa dakika chache juu ya kinoo chochote. S45VN inataka almasi. Ukiilazimisha kwenye alumina itanoleka, ila polepole. Angalia pia jina la chuma kwenye bapa lenyewe, kwa sababu nchi haikuambii: Tenacious imewahi kutoka kwa CPM S35VN, chuma cha Marekani kwenye kisu cha China.

Jaribio la kukata huharibika mara nyingi kwa kosa moja, nalo ni kupima makali ya kiwandani. Kiwandani hunolewa kwa mkanda, pembe hutofautiana kisu kwa kisu, na joto la mkanda linaweza kulainisha ukingo mwembamba kabisa. Noa vyote viwili kwanza, nyuzi 20 kila upande. Paka wino wa kalamu ya maka kwenye makali, pitisha kisu kwenye kinoo mara mbili, kisha tazama: wino ukitoka juu tu karibu na bega, umelaza kisu mno, ukitoka kwenye ncha ya makali peke yake, umekisimamisha mno. Endelea upande mmoja mpaka uhisi ukingo wa chuma umepinda kuelekea upande wa pili, unaokwaruza kidole ukikipitisha kutoka mgongoni kwenda nje, ndipo ugeuze. Sasa kata kadibodi ya aina moja, vipande vya urefu mmoja, na kila baada ya vipande 20 jaribu karatasi nyepesi. Andika idadi kisu kinapoanza kuichana badala ya kuikata. Rudia baada ya kunoa mara ya pili, kwani jibu la mara ya kwanza mara nyingi hudanganya.

Kufuli la Tenacious ni bati la ndani linalosogea chini ya kisigino cha bapa, yaani sehemu yake ya nyuma iliyo bawabani. Ukifungua, bati liwe limeingia kati ya robo na nusu ya upana wa kisigino. Likigusa ukingo tu linaweza kuteleza. Likifika ng'ambo ya pili kisu kipya kimeanza maisha kikiwa kimechakaa. Bonyeza mgongo wa bapa kwa nguvu ya wastani, vidole vikiwa mbali na makali. Usigonge mezani. Para 2 ina bati linalojibana kati ya kisigino na pini inayozuia bapa lisipite mwisho wake, na unalifungulia mgongoni, kwa hiyo kidole hakipiti njia ya bapa linapofunga. Kwa mtu anayefungua na kufunga kisu siku nzima, hilo peke yake linaweza kutosha kulipia tofauti.

Kwenye umaliziaji, shika mpini na utikise bapa kushoto na kulia. Likicheza, kaza skrubu ya bawaba kwa sehemu ndogo sana ya mzunguko, kisha jaribu tena. Ikilegea kila mara, tia tone la gundi ya skrubu ya bluu kwa ncha ya kijiti cha meno, kwenye nyuzi za skrubu tu; ikifika kwenye washa (kisahani chembamba kilicho kando ya bapa bawabani), bapa litagoma kufunguka. Likicheza juu na chini, skrubu haitasaidia, kasoro iko kwenye kufuli: kirudishe. Kasoro hizi hutokea viwanda vyote, na kwa maoni yetu kazi safi kuliko zote mara nyingi ni ya Taichung, si ya Golden.

Bandia nazo huandikwa GOLDEN, na Para 2 ni miongoni mwa zinazoigwa sana. Pima uzito na urefu ulinganishe na vipimo vya kampuni, na ukiiona mpya inauzwa kwa bei ya Tenacious, usinunue.