Gari linapita mbio: kelele inatoka sehemu gani?

Maikrofoni moja kando ya barabara hupima ukubwa wa kelele, lakini haitofautishi tairi la mbele na ekzosi. Kwa kazi hiyo funga maikrofoni nyingi, tuseme 64, kwenye fremu yenye kipenyo cha mita 2. Zipange kwa mizunguko kama ya konokono. Zikikaa kwa mistari yenye nafasi sawa, ramani ya kelele utakayopata itajaa vyanzo hewa, yaani vyanzo visivyokuwepo.

Simamisha fremu mita 7.5 kutoka katikati ya njia ya gari, mbali na kuta. Kila maikrofoni ivikwe sponji. Upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, ahirisha. Zote ziingie kwenye kifaa kimoja cha kurekodi, sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde.

Kazi yote inategemea kujua gari liko wapi kila wakati, kwa hiyo weka vihisi vya mwanga kabla na baada ya fremu. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde. Sauti ikichukua milisekunde 22 kufika kwenye fremu, gari limeshasogea karibu nusu mita. Tena mlio wa Hz 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) husikika kama 1,070 gari likija, 940 likienda.

Rekebisha hivi: kwenye kompyuta, chora ubavuni mwa gari gridi ya nukta kila sentimita 10, isafiri pamoja na gari. Kwa kila nukta na kila wakati wa kutoka sauti, kokotoa umbali hadi kila maikrofoni, ugawe kwa kasi ya sauti (mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20), chukua thamani iliyorekodiwa wakati wa kufika, izidishe kwa umbali, kisha tafuta wastani wa zote 64. Nguvu ya wastani huo kwenye kila nukta ndiyo ramani ya kelele: penye chanzo hutokea doa. Wakati wa kufika mara nyingi huangukia katikati ya sampuli mbili. Ukichukua sampuli ya jirani tu bila kukadiria thamani ya katikati, sauti za Hz nyingi zitaharibika.

Kabla ya kuamini ramani, funga mlangoni spika inayotoa Hz 2,000, upitishe gari kutoka pande zote mbili. Doa likisogea kuelekea boneti safari zote mbili, kosa ni la muda: milisekunde 10 huleta sentimita 22. Likienda boneti safari moja na buti safari ya pili, umekosea nafasi ya fremu.

Kwa fremu hii, doa la Hz 2,000 lina upana wa takriban mita 0.8. Kwenye Hz 500 linapita mita 3, kwa hiyo tairi la mbele na la nyuma la gari dogo huungana. Hapo dawa ni fremu kubwa zaidi au kusogea karibu. Doa linalotokea chini ya usawa wa lami ni sauti iliyoakisiwa, usilihesabu kama chanzo.