Kwenda kongamano la wafasiri kwa mara ya kwanza: somo na maswali ya wanachama

Somo hili ni la mfasiri wa kujitegemea, yule asiye na bosi, anayelipwa kwa neno na kujilipia nauli mwenyewe. Mwenye ajira akirudi kongamanoni mikono mitupu, mshahara wake unaingia palepale. Wewe ukirudi hivyo, umekula mtaji.

Hatua ya 1: Jua ni kongamano gani

Makongamano mengi ya Kiswahili huzunguka 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ni mazuri, lakini mengi ni ya wasomi: watu wanasoma makala za isimu na fasihi. Utajifunza, ila ni vigumu kukutana na mtu mwenye faili la maneno 40,000 anayetafuta wa kulitafsiri. (Na ukienda Dar es Salaam siku hizo, tafuta malazi mapema, maonyesho ya Sabasaba yanajaza nyumba za wageni.) Mikutano ya wafasiri hupenda kuangukia karibu na 30 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua rasmi mwaka 2017. Soma ratiba. Ukiona vikao vya bei, mikataba, programu za kutafsiria na ukalimani (kutafsiri kwa mdomo), umefika.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa maneno

Tuseme ada ni dola 150, na nauli, malazi na chakula ni dola 200. Jumla 350. Kama unalipwa senti 5 za dola kwa neno, safari hiyo ni maneno 7,000. Ukitafsiri maneno 2,000 kwa siku, umetoa siku tatu na nusu za jasho, na hapo hujahesabu siku utakazokaa huko bila kutafsiri. Ukishaona tarakimu hiyo hutalala hotelini wakati kikao kinaendelea.

Jiandikishe mapema, maana ada hupanda. Pasipoti iangalie muda wake leo. Anayetoka Arusha kwenda Nairobi kwa basi kupitia Namanga ahesabu saa tano au sita.

Hatua ya 3: Kadi yenye jambo moja

Jina, simu, baruapepe, jozi ya lugha na fani. "Kiingereza–Kiswahili: afya na utafiti wa dawa." Basi. Aliyeandika "fani zote" hakumbukwi kwa fani hata moja. Na kama wewe ni mfasiri tu, usijiite mkalimani kwa kutamani posho ya kibandani, kile chumba kidogo wanamokaa wakalimani mkutanoni. Utaitwa kesho yake, uvishwe vipokea sauti, uumbuke.

Hatua ya 4: Kazi iko kwenye chai

Mara yangu ya kwanza nilikwenda Nairobi na kadi 200. Ndiyo, zile za "fani zote". Siku mbili nikapanga foleni kwenye meza za kampuni, natoa kadi, natabasamu, napewa kalamu na mfuko wa kitambaa. Kalamu zilinifaa. Kazi haikuja hata moja. Kilichonilipia safari ile ni dakika kumi za chai ya saa nne, pale mimi na mfasiri mmoja wa Kiamhari tulipokuwa tunatafuta sukari, haionekani. Tukaishia kulalamikia wateja wanaochelewa kulipa. Miezi mitatu baadaye akaniandikia: mteja wake ana fomu za ridhaa za utafiti wa dawa, zinatakiwa kwa Kiamhari na Kiswahili, ninaziweza?

Ndivyo kazi inavyotembea. Mteja wa lugha nyingi humuuliza mfasiri anayemwamini, "Una mtu wa Kiswahili?" Kwa hiyo kaa na wa Kisomali, wa Kinyarwanda, wa Kiarabu, wa Kireno. Hao hamgombanii sahani moja.

Na wa Kiswahili mwenzako? Wengi humkwepa kama mke mwenza. Ni kosa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinadai kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili, asiwe yuleyule aliyetafsiri. Fomu za utafiti nazo mara nyingi hudai tafsiri rejeshi: mtu ambaye hajaona matini asilia huirudisha tafsiri kwenye Kiingereza ili zilinganishwe. Kazi moja, watu watatu wa jozi ileile. Utawatoa wapi kama unawakimbia?

Hatua ya 5: Ukumbini

Kaa mbele kwenye kikao cha bei na mikataba. Kile cha baada ya chakula cha mchana, pilau likishashuka, ukisinzia hutakuwa peke yako. Uliza swali moja, na kabla ya swali taja jina lako na jozi yako. Ni tangazo la bure.

Hatua ya 6: Kabla ya kulala

Andika nyuma ya kila kadi uliyopewa: mlikutana wapi, mlizungumza nini. Ndani ya wiki moja tuma ujumbe mfupi, usiombe kazi. "Ni mimi wa sukari" ilitosha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Mimi ni mnyamavu, kujinadi siwezi. Nisiende?* (Mombasa)

Marahaba mdogo wangu. Nenda, ila fika mapema, ukumbi haujajaa. Mkiwa watu watatu mtasalimiana tu, na kwetu habari za safari na habari za nyumbani zinatosha kujaza robo saa.

*Jambo mama. Kiswahili chetu cha huku watu wa pwani wanakicheka. Nitakaa wapi mimi?* (Goma)

Kaa katikati. Wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa Marekani wanahitaji wakalimani hospitalini na shuleni, na mashirika ya misaada huko kwenu Kivu yanataka ujumbe unaoeleweka Kivu, siyo Unguja. Andika kwenye kadi: "Kifaransa–Kiswahili cha Kongo." Wanaokucheka hawaiwezi kazi hiyo.

*Naweza kuonyesha kazi ya mteja kama sampuli?* (Dodoma)

Bila ruhusa yake, hapana, hata ukifuta majina. Chukua kijitabu cha afya kilicho wazi kwa umma, tafsiri ukurasa mmoja kwa uangalifu, onyesha huo.

*Kampuni iliniambia nifanye jaribio la bure la maneno 1,500. Ni sawa?* (Nairobi)

Jaribio ni maneno 200 au 300. 1,500 ni kazi, na kazi ina ankara. Jibu kwa adabu kwamba utatafsiri 250 za mwanzo, kisha uone watakavyosema.

*Mwaka huu sina ada kabisa.* (Morogoro)

Waandikie waandaaji uombe kujitolea. Mara nyingi wanapungukiwa watu wa meza ya usajili, na anayekaa pale anamwona kila anayeingia na jina lake kifuani. Waandikie miezi mitatu kabla. Wiki ya mwisho huwa wamebaki kutafuta mtu wa kuzungusha maikrofoni ukumbini, na hata hiyo ukipewa, ichukue.