Somo: Impreza WRX inavuma nyuma. Ni beringi, difu au tairi?

Wakuu, mwenye Subaru Impreza WRX ya miaka ya 2000 hadi 2007 akifika gereji na kusema gari linavuma nyuma, jibu huwa limeshaandaliwa: beringi (pete ya gololi inayobeba gurudumu). Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana hakuna anayebisha. Tatizo ni pale beringi mbili zinapobadilishwa na mvumo ukabaki palepale, kisha mtu anaambiwa atafute difu (kisanduku cha meno kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Difu inakuja, inafungwa, gari bado linavuma, na muda wote huo tairi ndizo zilizokuwa zimeliwa vibaya.

Shikeni hili kabla ya kushika spana. Mlio wa difu hubadilika na mguu wako kwenye akselereta. Wa beringi hubadilika na kona. Wa tairi hubadilika na barabara. Mengine yote ni kuthibitisha.

Hatua ya 1: Tairi kwanza, kwa sababu ni bure

Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi za nyuma, mbele kwenda nyuma, kisha rudisha. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine unakwaruza, au ukisikia mabonde, una mtuhumiwa. Zihamishie mbele, endesha barabara ileile. Mvumo ukihama nazo, kazi imeisha. Kapime alaimenti na kagua shokapu na bushi (mipira ya kwenye viungo) za nyuma, maana tairi haijili yenyewe.

Hatua ya 2: Barabarani

Tafuta lami nzuri isiyo na magari, zima redio, funga vioo. Nenda kilomita 60 hadi 80 kwa saa, kisha:

- Weka gia huru, acha gari liteleze. Mvumo ukiendelea vilevile, injini haihusiki.
- Kanyaga mafuta, kisha achia ukiwa kwenye gia. Mlio mwembamba wa kulia kama filimbi unaotokea wakati wa kuvuta tu, au wakati wa kuachia tu, ni meno ya difu au beringi za pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu).
- Yumbisha gari kidogo kushoto na kulia. Ukipinda kushoto uzito unalalia kulia. Mvumo ukikua hapo, shuku beringi ya kulia. Si sheria ya msahafu, sauti husafiri kwenye bodi, kwa hiyo usinunue kitu bado.
- Mtetemo wa haraka unaousikia sakafuni, hasa kwa mwendo fulani tu, elekea kwenye propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma) na beringi yake ya katikati. Shafti hiyo huzunguka karibu mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja, ndiyo maana mtetemo wake ni wa harakaharaka.

Hatua ya 3: Juu ya stendi

Hili gari linavuta magurudumu yote manne. Usinyanyue nyuma peke yake kisha ukawasha na kuingiza gia. Magurudumu ya mbele yatalirusha gari kutoka kwenye stendi. Zima injini, weka kabari mbele, gia huru, handibreki chini, zungusha kwa mkono.

Shika springi ya shokapu kwa mkono mmoja, zungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi iliyochoka utaisikia kwenye vidole, inasaga, hata kama masikio hayapati kitu. Kisha shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, hiyo gari haiendi safari.

Ukiwa chini angalia mafuta ya difu. Fungua kizibo cha kujazia kwanza. Ukimwaga halafu cha juu kikagoma, umejifungia gari uani. Ungaunga laini kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyoshikika si kawaida. Difu ndogo ya WRX huchukua takriban lita 0.8 za mafuta ya gia 75W-90 GL-5, ya STI (WRX yenye nguvu zaidi) lita moja.

Hatua ya 4: Kubadilisha beringi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Beringi ya nyuma ya gari hili huingizwa kwa presi ndani ya nyumba yake. Wanaoingiza kwa nyundo huua beringi mpya siku hiyohiyo, na gari linaanza kuvuma upya kabla risiti haijafifia.

Unapoingiza beringi kwenye nyumba yake, sukuma pete ya nje. Unapoingiza habu (kitovu cha gurudumu) kwenye beringi, egemeza pete ya ndani kwa chini. Ukikosea, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinachimba vidimbwi kwenye njia yake. Simama pale ukiangalia. Fundi mzuri hatachukia.

Boli ndefu inayoshika mikono ya nyuma nayo ina sifa mbaya. Hugandana na bushi kwa kutu, hasa magari yaliyotoka sehemu za theluji Japani au yaliyozeeka Tanga na Mombasa. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Nati ya shafti iwe mpya, ikazwe kwa kipimo cha kitabu kabla gurudumu halijagusa chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu haivumi. Inagonga "ko!" nikiachia klachi au nikikanyaga ghafla.

Jibu: Anza na bushi zinazoshika difu, kisha msalaba (kiungo kinachopinda) wa propela shafti. Weka bao chini ya difu, inyanyue taratibu kwa jeki uone inavyocheza. Misalaba ya Subaru imefungwa kwa kugongelewa kiwandani, haina tundu la kupigia grisi. Wengi hutafuta shafti nzima.

Swali: Kuna mkwaruzo nyuma, nikigusa breki unapotea. Beringi?

Jibu: Hapana, kaka. Angalia pedi, viatu vya handibreki vilivyo ndani ya diski, na bati la nyuma ya diski. Kijiwe kimoja hapo kinapiga kelele ya kukutia hofu.

Swali: Nimepata difu iliyotumika ya Impreza nyingine, bei poa. Inaingia?

Jibu: Kuingia itaingia. Uwiano wa meno je? Zipo 3.54, 3.9, 4.11, 4.44, na lazima uendane na giaboksi yako. Usipoendana, mbele na nyuma vinashindana kila mita na utaua difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Usiiamini stika, zungusha flenji (sahani inapofungwa propela shafti) na uhesabu mizunguko mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye tairi mpya mbili na zilizokwisha mbili.

Swali: Yangu ni STI, inagongagonga nikipinda taratibu kwenye maegesho.

Jibu: Kama difu yako ni LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) ya mabamba, badilisha mafuta kwanza, weka yaliyoandikwa kuwa ni ya LSD, kisha zunguka nane kadhaa polepole kwenye uwanja. Isipotulia, rudi tuongee.

Swali: Beringi inavuma kidogo tu. Naweza kwenda Dodoma nayo kutoka Dar?

Jibu: Umetikisa tairi?

Swali: Inacheza kidogo.

Jibu: Panda basi.